Pima Kalsiamu Kabla ya Kumeza Vitamini D: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Birongo na Majirani Zao

Mwongozo huu umeandikwa kwa watu wawili. Wa kwanza ni yule aliyekwisha kuambiwa na daktari kwamba tezi zake za parathairoidi zinafanya kazi kupita kiasi. Wa pili hajaambiwa lolote. Anachojua ni kwamba mifupa inamuuma, anachoka kabla ya saa sita mchana, na mtu fulani sokoni amemshauri anunue vitamini D. Huyu wa pili ndiye wa kuhofiwa zaidi, kwa sababu huenda naye ni mgonjwa kama wa kwanza, ila hajapimwa.

Kanuni inayotangulia nyingine zote ni hii: usimeze wala usidungwe dozi kubwa ya vitamini D kabla kalsiamu ya damu yako haijapimwa. Kipimo cha kalsiamu ni cha kawaida, na gharama yake huwa ndogo kuliko ile ya kupima vitamini D yenyewe. Hakuna sababu ya maana ya kukiruka.

Tezi zenyewe na kazi yake

Wengi wakisikia maradhi ya tezi shingoni hufikiria goita. Haya ni mengine. Goita ni uvimbe wa tezi ya thairoidi, na aghalabu huonekana au hupapaswa. Tezi za parathairoidi kwa kawaida ni nne, kila moja ina ukubwa wa punje ya mchele, nazo zimejificha nyuma ya thairoidi. Hata moja ikiota uvimbe, mara nyingi mkono wa daktari hauwezi kuigundua kwa kupapasa.

Kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu katika damu. Kalsiamu ikishuka, tezi hizi hutoa homoni ambayo fomu za maabara huiandika PTH. Homoni hiyo huchota kalsiamu kwenye mifupa, huzizuia figo zisiimwage kwenye mkojo, na huzisukuma figo hizo hizo kuigeuza vitamini D iliyohifadhiwa mwilini iwe ile yenye nguvu, ambayo hufanya utumbo unyonye kalsiamu zaidi kutoka kwenye chakula. Kalsiamu ikirudi kiwango chake, tezi hutulia.

Katika ugonjwa huu hazitulii. Kwa wagonjwa wapatao wanane kati ya kumi, chanzo ni tezi moja iliyoota uvimbe usio saratani. Kwa waliobaki, tezi zaidi ya moja zimekua, na wenye saratani ni chini ya mmoja kati ya mia. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume, hasa baada ya kukoma hedhi. Homoni inaendelea kumwagika hata kalsiamu ikiwa juu, mifupa inapungua nguvu, na kalsiamu inayochujwa kwenye figo inaweza kuganda ikawa mawe.

Hapa ndipo penye mtego, na ndiyo sababu ya mwongozo mzima. Kwa kuwa homoni hii huharakisha kuigeuza vitamini D ya akiba, mgonjwa wa parathairoidi mara nyingi hupimwa akakutwa na akiba ndogo. Karatasi ya maabara inasoma "chini". Mgonjwa, na wakati mwingine aliyempima, anaona jibu limepatikana: vitamini D imepungua, basi iongezwe, tena iongezwe kwa wingi. Kumbe utumbo wake tayari unanyonya kalsiamu kuliko inavyotakiwa, na kile anachomeza ni malighafi ya kuongeza kalsiamu juu ya kalsiamu.

Kosa la aina hii lina historia. Mwaka 1925, mjini Vienna, daktari wa upasuaji Felix Mandl alikuwa na mgonjwa aitwaye Albert Jahne, kondakta wa tramu, ambaye mifupa yake ilikuwa imelegea na kuvunjika. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba maradhi ya mifupa kama yale yalitokana na upungufu wa kazi ya tezi hizi. Kwa hiyo Jahne alipewa dawa iliyotengenezwa kwa tezi za parathairoidi, kisha akapandikizwa tezi ya mtu mwingine. Hakupata nafuu. Mandl akaamua kujaribu kinyume chake: akamfungua shingo, akakuta uvimbe kwenye tezi moja, akautoa. Mgonjwa akapata nafuu kubwa, ingawa baada ya miaka kadhaa ugonjwa ulirudi. Tangu hapo dunia ya tiba ikajua kwamba mfupa dhaifu unaweza kuwa mfupa unaonyang'anywa kalsiamu, na kwamba kuongeza bila kupima ni kubahatisha.

Kusoma kopo na kujumlisha

Vitamini D huandikwa kwenye kopo kwa vipimo viwili. Kimoja ni maikrogramu, kingine ni yuniti zinazoandikwa IU. Maikrogramu 1 ni sawa na yuniti 40. Kwa hiyo kopo lenye "25" na lingine lenye "1,000" yanaweza kuwa na dozi ile ile, na aliyehama kutoka la kwanza kwenda la pili hajaongeza kitu. Hatari iko upande mwingine: mtu aliyezoea yuniti 1,000 akiona kopo la maikrogramu 125 hudhani ni dogo, kumbe ni yuniti 5,000.

Mtu mzima mwenye afya huhitaji yuniti 600 kwa siku, na 800 akipita miaka 70. Kiwango cha juu ambacho mtu mzima asiye na ugonjwa hapaswi kukizidi kila siku bila daktari ni yuniti 4,000. Kiwango hicho kiliwekwa kwa ajili ya watu ambao tezi zao ni nzima. Mwenye tezi zinazozidisha kazi asijipimie kwacho.

Sasa angalia dozi zinazouzwa. Vidonge vya yuniti 50,000 vya kumeza mara moja kwa juma ni wastani wa zaidi ya yuniti 7,000 kwa siku. Sindano moja ya yuniti 300,000 ina mahitaji ya kawaida ya siku 500. Dozi hizi zina mahali pake katika tiba, kwa mtu aliyepimwa na anayefuatiliwa. Zinapouzwa bila karatasi ya daktari, au zinapodungwa kama "sindano ya mifupa" kwa mama aliyeingia kemisti kulalamikia magoti, hapo ni hatari tupu. Vitamini D huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili. Haikojolewi ikaisha kama vitamini C. Ukikuta umezidisha, kuacha leo hakutoshi. Kalsiamu inaweza kubaki juu kwa majuma au miezi.

Jumlisha kila chanzo. Vitamini D imo kwenye vidonge vya kalsiamu wanavyopewa akina mama wa makamo, kwenye vidonge vya vitamini mchanganyiko, kwenye mafuta ya ini la samaki, na kwenye baadhi ya poda za virutubisho zinazouzwa nyumba kwa nyumba na mawakala wa biashara za mtandao. Nawaomba mawakala hao jambo moja: kama kifurushi hakionyeshi kiasi cha vitamini D, usimuuzie mtu mwenye mawe ya figo au maumivu ya mifupa. Mafuta ya ini la samaki yana vitamini A pia, na vitamini A ikizidi sana nayo hupandisha kalsiamu.

Je, mgonjwa asiguse vitamini D kabisa?

La. Hapa wengi huteleza upande wa pili. Upungufu wa kweli wa vitamini D huziudhi tezi hizi zaidi, huzifanya zitoe homoni nyingi zaidi, na huacha mifupa katika hali mbaya. Miongozo ya kimataifa ya madaktari wa homoni inakubali kwamba mgonjwa mwenye akiba ndogo aongezewe, ila taratibu. Mwongozo wa mwaka 2014 ulitaka akiba izidi nanogramu 20 kwa mililita. Ule wa 2022 ulipandisha hadi 30. Nchini Denmark, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwapa wagonjwa yuniti 2,800 kila siku kwa wiki 26 kabla ya upasuaji, na kalsiamu yao haikupanda. Lakini walikuwa wakipimwa mara kwa mara, na ugonjwa wao ulikuwa wa kiasi. Huwezi kuuchukua utafiti huo ukajitibu nao mwenyewe nyumbani.

Kwa vitendo, daktari huanza na dozi ndogo, mara nyingi yuniti 600 hadi 1,000 kwa siku, kisha hurudia kupima kalsiamu baada ya majuma machache. Kalsiamu ikipanda, anapunguza au anasimamisha. Ikitulia, anaendelea. Ukipewa vitamini D na hujapewa tarehe ya kurudia kipimo, iulize tarehe hiyo kabla hujatoka mlangoni.

Kuhusu chakula, maneno ya sokoni ni mengi na mengi si kweli. Usiache maziwa. Usiache omena, wala saga, wala managu. Mgonjwa anayejinyima kalsiamu ya chakula huzifanya tezi zidhani kuna njaa ya kalsiamu, zikazidisha homoni. Kula chakula chako cha kawaida. Kinachokatazwa ni vidonge vya kalsiamu ulivyojinunulia. Na jua halidhuru kwa njia hii. Ngozi ikitengeneza vitamini D ya kutosha, ile inayozidi huvunjwa na jua lenyewe papo hapo. Mchuma chai anayeshinda juani hawezi kujizidishia vitamini D kwa kazi yake.

Wagonjwa wa figo wasijichanganye

Kuna aina nyingine ya tezi kufanya kazi kupita kiasi, inayoletwa na figo zilizochoka. Figo zikishindwa kuigeuza vitamini D, kalsiamu hushuka, na tezi hupandisha homoni kwa kujibu upungufu. Mgonjwa wa namna hii, hasa aliye kwenye dialisisi, anaweza kuandikiwa alfakalsidoli au kalsitrioli, yaani vitamini D iliyokwisha kugeuzwa. Hiyo ni tiba yake, asiiache kwa kusoma mwongozo huu. Asimgawie jirani pia. Dawa hizo haziihitaji figo kuzigeuza, hivyo hupandisha kalsiamu haraka kuliko vitamini D ya dukani.

Tofauti inaonekana kwenye karatasi: kalsiamu juu pamoja na PTH iliyo juu, au hata ile ya kawaida ambayo ingetakiwa kuwa imeshuka, huashiria tezi zenyewe. Kalsiamu ya kawaida au ya chini pamoja na PTH ya juu hupeleka macho kwenye figo au upungufu wa vitamini D.

Dawa nyingine unazotumia

Mwambie daktari kila dawa. Wenye shinikizo la damu wengi hutumia vidonge vyenye haidroklorothiazaidi, ama peke yake ama vikiwa vimechanganywa na dawa nyingine kwenye kidonge kimoja. Dawa hii huzuia figo zisitoe kalsiamu. Usiiache ghafla kwa uamuzi wako. Mwombe daktari akuangalizie nyingine. Dawa za kiungulia zenye kalsiamu kaboneti, zikitafunwa kila siku, huongeza mzigo. Lithiamu, inayotumiwa kwa maradhi ya akili, inaweza kuzichochea tezi. Anayetumia digoksini kwa moyo yuko hatarini zaidi kalsiamu ikipanda. Na mwenye kifua kikuu ajue kwamba ugonjwa huo wenyewe unaweza kuigeuza vitamini D nje ya udhibiti wa figo, kwa hiyo asijiongezee.

Dalili zinazofanana na uchovu wa kazi

Hapa Birongo, kwenye milima ya Gusii, mtu anayepanda na kushuka mteremko akiwa na gunia la majani chai ana haki ya kuchoka. Mama anayebeba mikungu ya ndizi kupeleka soko la Keumbu ana haki ya kuumwa mgongo. Tatizo ni kwamba kalsiamu ikipanda, dalili zake huvaa mavazi hayo hayo: uchovu usioisha kwa usingizi, maumivu ya mifupa, kufunga choo, tumbo kuuma, kiu, kukojoa mara nyingi hasa usiku, kusahausahau, huzuni. Kwa hiyo ugonjwa huishi na mtu miaka akilaumu kazi au umri.

Angalia mchanganyiko. Uchovu peke yake hauthibitishi kitu. Uchovu pamoja na kiu na kukojoa usiku unahitaji kipimo cha sukari na cha kalsiamu pia. Wengi hupimwa sukari tu, wakaambiwa wako sawa, wakarudi nyumbani. Mtu aliyewahi kupitisha jiwe la figo zaidi ya mara moja, au aliyevunjika mkono kwa kuanguka kidogo tu, apimwe kalsiamu bila kubembelezwa.

Kazini, mgonjwa anywe maji kabla kiu haijamshika. Lita mbili hadi tatu kwa siku zinafaa kwa wengi, isipokuwa wale walioambiwa na daktari wapunguze maji kwa sababu ya moyo au figo. Mhudumu wa bodaboda anayejinyima maji ili asisimamesimame njiani anazikausha figo zake, na damu ikikauka kalsiamu huzidi kupanda. Kutapika au kuhara kwa siku nzima ni jambo la hospitali kwa mgonjwa huyu, hata kama wenzake wangenywa chai ya rangi wakaendelea. Mzigo mzito kichwani kwenye njia inayoteleza baada ya mvua ya alasiri uachwe mpaka mifupa ipimwe.

Haki zako mbele ya mwajiri

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakusaidia kuliko wengi wanavyojua. Kifungu cha 30 kinampa mfanyakazi aliyetumikia miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa ya angalau siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Sharti ni cheti cha daktari aliyesajiliwa, kwa hiyo usitoke kliniki mikono mitupu. Kifungu cha 32 kinamtaka mwajiri aweke maji safi ya kutosha mahali pa kazi; mwenye ugonjwa huu akiyaomba haombi hisani. Na kifungu cha 41 kinasema mwajiri akitaka kukuachisha kwa sababu ya kushindwa kazi kimwili, lazima kwanza akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, akusikilize, na akuruhusu uwe na mwenzako au mwakilishi wa chama.

Mkulima mdogo wa chai na mwenye kibanda sokoni hawana mwajiri wa kudai haya. Kwao ushauri ni mmoja: panga siku ya kliniki isiyogongana na siku ya kuchuma, maana siku iliyogongana ndiyo inayoahirishwa.

Bima nayo ni muhimu. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Hakikisha umesajiliwa, kisha uliza dirishani kabla ya kutolewa damu kama kipimo unachoandikiwa kinalipiwa.

Siku ya kupimwa

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ikihitajika kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira kwa walio upande wa pili wa Keroka. Damu ipimwe kalsiamu pamoja na albumini, kwa sababu albumini ikiwa chini kalsiamu huonekana ndogo kuliko ilivyo. Kiwango cha kawaida huwa karibu na milimoli 2.1 hadi 2.6 kwa lita, ingawa kila maabara ina mipaka yake iliyochapishwa kando ya jibu. Kikiwa juu, kirudiwe, na PTH ipimwe pamoja na figo na vitamini D. Sampuli ya PTH ikipelekwa Nairobi, majibu yatachelewa. Chukua namba ya kumbukumbu.

Wanaomeza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini wamwambie mpimaji, kwani bayotini nyingi huweza kupotosha jibu la PTH. Na beba makopo yote unayotumia, hata yale ya aibu.

Zipo dalili zisizongoja foleni ya kliniki: kutapika mfululizo, kuchanganyikiwa, usingizi mzito usio wa kawaida, mapigo ya moyo yanayorukaruka, au udhaifu wa ghafla kwa mtu anayejulikana kuwa na kalsiamu ya juu. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, akiwa ameacha vitamini D na vidonge vya kalsiamu. Kalsiamu ikifika milimoli 3.5 kwa lita ni dharura, na tiba yake huanza kwa maji ya mshipani. Mjamzito mwenye ugonjwa huu afuatiliwe na daktari bingwa, na wakunga waarifiwe mapema, kwani mtoto wake anaweza kuzaliwa na kalsiamu ya chini na kupata degedege.

Tiba inayoondoa ugonjwa wenyewe ni upasuaji wa kutoa tezi iliyoharibika, na si kila mgonjwa anauhitaji mara moja. Daktari huangalia umri, figo, mifupa na kiwango cha kalsiamu. Baada ya upasuaji, mifupa iliyokuwa ikinyang'anywa huanza kuirudisha kalsiamu kwa pupa, na damu inaweza kupungukiwa kiasi cha vidole na midomo kufa ganzi. Hapo daktari ataandika kalsiamu na vitamini D, pengine kwa dozi kubwa kuliko ulizokatazwa zamani. Zimeze kama zilivyoandikwa, wala usizikatae kwa kukumbuka onyo la awali.